Neno "Gud" katika lugha za Skandinavia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtu aliyehamia Malmö au Oslo hukutana na neno hili kabla hajajua hata kuhesabu kwa lugha ya wenyeji. Liko kwenye nyimbo za kanisani, kwenye viapo vya serikali, na kinywani mwa mtu aliyeachwa na basi. Walutheri wengi wa Tanzania nao, ambao makanisa yao yana ushirika wa miaka mingi na makanisa ya Uswidi, Norwei na Denmaki, wamelisikia kwa wageni wao. Yafuatayo ni majibu ya maswali yanayojirudia kuhusu neno hilo: lilitoka wapi, lilipitia nini, na leo lina sura gani.

Linaandikwaje katika kila lugha?

Kiswidi, Kidenmaki na Kinorwei huandika *Gud*. Kiaislandi huandika *Guð*. Herufi kubwa hufanya kazi ileile inayofanya kwetu: *Gud* ni Mungu, *gud* ni mungu fulani miongoni mwa wengi.

Kwenye wingi ndipo zinapoachana. Mswidi husema *gudar*, Mdenmaki *guder*, Mwaislandi *guðir*. Norwei ina maandishi rasmi ya aina mbili, kwa hiyo utakuta *guder* katika bokmål na *gudar* katika nynorsk. Mungu wa kike ni *gudinna* kwa Kiswidi, *gudinde* kwa Kidenmaki, *gudinne* kwa Kinorwei, na *gyðja* kwa Kiaislandi. "Ya Mungu" ni *Guds* au *Guðs*.

Kiaislandi kina pia neno la pili, *goð*, nalo lina habari ndefu. Tutalifikia.

Linatamkwaje?

Anayejua Kiswahili ana bahati hapa. Herufi *ð* ni *dh* yetu ya "dhambi", na *þ*, utakayoiona kwenye maandishi ya kale, ni *th* yetu ya "thamani". Mdenmaki huandika *d* lakini ile ya mwishoni mwa *Gud* huilainisha, ikasikika kama *dh* iliyolegea. Mswidi na Mnorwei huitamka *d* kama ilivyo. Ugumu kwao uko kwenye *u*, ambayo ni ndefu na hutamkwa ulimi ukiwa umesogea mbele kuliko *u* yetu.

Kiaislandi kina jambo ambalo maandishi hayalionyeshi kabisa: ndani ya *Guð* husikika *v*. Sauti yake inakaribia "kvudh". Ukilisoma kama lilivyoandikwa utaeleweka, ila watajua mara moja kwamba ulijifunzia kitabuni.

Je, lilikuja pamoja na Ukristo?

Hapana, na hili ndilo jambo muhimu kuliko yote katika ukurasa huu.

Maneno mengi ya kanisa katika lugha hizo ni ya kuazima. *Kyrka* la Kiswidi na *kirke* la Kidenmaki na Kinorwei yanatoka kwenye Kigiriki *kyriakon*, yaani "ya Bwana". *Biskop* na *engel* nayo asili yake ni Kigiriki, yakapitia lugha nyingine hadi kufika kaskazini. *Gud* halimo kwenye kundi hilo. Lilikuwapo Skandinavia karne nyingi kabla ya mmisionari wa kwanza, likitumika kwa miungu ya kale ya huko: Thor, Odin, Frey na wenzao. Wahubiri walipofika hawakuleta *Deus* ya Kilatini wala *Theos* ya Kigiriki. Walilichukua neno la wenyeji wakaliwekea maana mpya.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwetu, kwa kuwa neno "Mungu" nalo ni la Kibantu na halikuletwa na meli yoyote.

Lilimaanisha nini hapo mwanzo?

Wanaisimu hulirudisha kwenye umbo la Kigermanik cha kale, lugha mama ya lugha hizi nne, *\*guda*. Nyota hiyo ya mbele huonyesha kwamba umbo limekokotolewa kwa kulinganisha lugha, halikukutwa limeandikwa mahali. Nyuma yake zaidi kuna njia mbili zinazotetewa. Ya kwanza huliunganisha na mzizi wenye maana ya kuita au kuomba: "yule anayeitwa". Ya pili huliunganisha na mzizi wa kumimina: "yule anayemiminiwa", maana sadaka za kinywaji zilikuwa kiini cha ibada. Mzizi huo wa kumimina bado uko hai katika Kiswidi *gjuta*, kitenzi cha kumimina chuma kilichoyeyuka kwenye kalibu.

Zote mbili zinafuata kanuni za sauti. *G* ya lugha za Kigermanik, inapotoka kwenye sauti fulani ya kale, hulingana na *h* ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Bata bukini ni *gås* kwa Kiswidi na *haṃsa* kwa Kisanskriti. Kwa kanuni hiyohiyo *gud* hulingana ama na *hūta*, "aliyeitwa", ama na *huta*, "iliyotolewa sadaka". Mimi naiona ya kwanza kuwa ya moja kwa moja zaidi, lakini hakuna aliyefunga mjadala.

Tazama kwamba njia zote mbili zinaanzia kwa mwabudu. Neno halikuanza kwa kueleza Mungu alivyo. Lilieleza kile ambacho watu walifanya walipomwelekea.

Nimesoma kwamba neno hili "lilibadilika jinsia". Maana yake nini?

Lugha za kale za kaskazini ziliyagawa majina katika makundi matatu ya kisarufi: la kiume, la kike, na la tatu lisilo la kiume wala la kike. Mswahili asifikirie maumbile, afikirie ngeli. Kila kundi lilikuwa na upatanisho wake.

Kabla ya Ukristo *goð* lilikuwa katika kundi la tatu, na karibu kila mara lilitumika kwa wingi. Utenzi wa kale Völuspá unaposimulia miungu ikienda barazani, unasema *regin öll, ginnheilög goð*: "miungu yote, miungu mitakatifu mno". Neno *öll*, "yote", lina upatanisho wa kundi la tatu. Kwa wanaume watupu lingekuwa *allir*. Maneno mengine ya heshima yaliyotumika kwa miungu, kama *regin* na *bönd*, nayo yako katika kundi hilohilo. Maelezo ninayoyaona yana nguvu zaidi ni kwamba katika lugha hiyo kundi la watu mchanganyiko, wa kiume na wa kike, hupatanishwa kwa kundi la tatu. Hata leo Mwaislandi akitaja mume na mke pamoja husema *þau*, ambalo ni kundi la tatu wingi. Kwa kuwa miungu ilikuwa ya kiume na ya kike, na ilitajwa kwa pamoja, neno likakaa huko.

Kisha wakaja kuhubiriwa Mungu mmoja, anayesema, anayesikia, anayeitwa Baba. Sarufi ikasogea. Neno likaanza kupatanishwa kama jina la kiume, umoja. Umbo lake lenyewe halikuvaa mwisho wa kawaida wa majina ya kiume. *Armr*, "mkono", na *hestr*, "farasi", yana *-r* mwishoni, lakini *guð* limebaki bila *-r* hadi leo, ingawa kamusi yoyote ya Kiaislandi itakuambia kwamba ni la kiume.

Sasa angalia Kiswahili. "Mungu" kwa umbo ni jirani wa "mti": umoja m-, wingi mi-. Lakini husemi "Mungu unapenda". Unasema "Mungu anapenda", kama mtu. Ukienda kwenye wingi, ngeli ya zamani inarudi: amri ya kwanza inasema "usiwe na miungu *mingine*", wala si "wengine". Umoja hupatanishwa kama nafsi hai, wingi kama miti na mito. Lugha mbili zisizojuana kabisa zimepita mlango uleule, na kila ninapofundisha jambo hili hushangaa upya.

Hata Wagothi, ndugu wa kilugha wa Waskandinavia, walipitia hapo mapema zaidi. Askofu Wulfila alipotafsiri Biblia kwa Kigothi katika karne ya 4, aliandika *guþ* kwa Mungu, umbo likiwa la kundi la tatu na maneno yanayoambatana nalo yakiwa ya kiume. Kwa miungu ya mataifa aliacha *guda*, kundi la tatu, wingi. Nakala mashuhuri ya tafsiri hiyo, iliyoandikwa katika karne ya 6 kwa wino wa fedha kwenye ngozi ya zambarau, inatunzwa Uswidi kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Uppsala. Humo jina la Mungu limefupishwa kwa heshima: *g* na *þ* tu, na mstari juu yake.

Basi *goð* na *guð* ni maneno mawili au moja?

Kwa asili ni moja lenye matamshi mawili, na kwenye maandishi ya kale yanaingiliana. Taratibu Waaislandi wakayagawia kazi: *guð* kwa Mungu, *goð* kwa miungu ya kale na sanamu. Mgawanyo huo leo uko wazi kabisa. *Guðfræði* ni teolojia, somo la wachungaji. *Goðafræði* ni elimu ya masimulizi ya miungu ya kale. Sanamu ya kuchonga ni *skurðgoð*. Lugha nyingine tatu hazina jozi hii, kwa hiyo hutumia kiambishi: *avgud* kwa Kiswidi na Kinorwei, *afgud* kwa Kidenmaki, yaani mungu wa uongo.

Maandishi ya kale zaidi ya Kikristo yenye neno hili yako wapi?

Nenda Uppland, kaskazini mwa Stockholm. Mkoa huo una zaidi ya mawe 1,000 yenye maandishi ya runi, yaani herufi za kale za kaskazini zilizochongwa, mengi ya karne ya 11, na mengi yana sala fupi mwishoni.

Pale Täby kuna mawe aliyoyasimamisha mtu mmoja aitwaye Jarlabanke. Yeye hakungoja kufa ili wanawe wamkumbuke. Maandishi yanasema kwamba alisimamisha mawe hayo kwa ajili yake mwenyewe angali hai, akajenga daraja hili kwa ajili ya roho yake, na peke yake alimiliki Täby yote. Halafu yanafunga: *kuþ hialbi ont hans*. Mungu aisaidie roho yake.

Msomaji wa kwanza huuliza kwa nini imeandikwa *kuþ* na si *guþ*. Alfabeti ya runi ya wakati huo ilikuwa na alama 16 tu, na alama moja ilibeba sauti za *k* na *g*. Msomaji wa wakati ule alijua mwenyewe ipi ni ipi. Mawe mengine yanaongeza *auk kuþs muþiR*, "na mama wa Mungu", ndipo tunapoona pia umbo la umilikishi likiwa na *-s* kama leo.

Daraja hapo si pambo la maneno. Kujenga njia ya kupita juu ya tope lilikuwa tendo jema lililohesabiwa kwa ajili ya roho, na yaelekea liliwarahisishia watu safari ya kwenda kanisani. Tajiri huyu alijisifu kwa ardhi yake na kuomba msaada ndani ya mstari uleule. Mimi hupenda jiwe hilo kwa sababu hiyo.

*Gud* na *god*, "mwema", yana undugu?

Hayana. *God* la Kiswidi, Kidenmaki na Kinorwei lina mzizi mwingine, wenye irabu ndefu tangu zamani: *góðr* katika Kinorse cha kale, lugha ya kale ya Skandinavia. Yamefanana kwa bahati tu. Waaislandi huyaweka pamoja katika mshangao wao wa kila siku, *Guð minn góður*, "Mungu wangu mwema", lakini kukaa pamoja si kuzaliwa pamoja.

Kufanana huko kumezaa mkanganyiko mmoja mzuri. Injili kwa Kiaislandi ni *guðspjall*. Neno hili lilitoka kwa Waingereza wa kale, ambao walisema *gōdspel* wakimaanisha "habari njema", tafsiri kamili ya neno la Kigiriki. Lilipovuka bahari lilisikika kama "habari za Mungu", na Waaislandi wakaliandika hivyo. Wenzao wa Skandinavia hutumia *evangelium*.

Lina uhusiano na Odin? Au na Gadi wa kwenye Biblia? Au Khuda?

Hapana, mara tatu. *Óðinn* linatokana na *óðr*, neno la wazimu mtakatifu na ushairi, na zamani lilianza kwa *w*. Gadi, mungu wa bahati anayetajwa katika Isaya 65:11, ni Kiebrania, na hakuna njia ya sauti wala ya historia inayomfikisha kaskazini. *Khuda* la Kiajemi lilikuwa na maana ya "bwana" na lina mzizi wake.

Dai la Gadi husambazwa sana kwenye makundi ya WhatsApp, likiwatisha watu kwamba wanaomba kwa jina la sanamu bila kujua. Wanaolisambaza wanalinganisha herufi za leo tu. Ukilinganisha kwa njia hiyo, neno lolote litakuwa ndugu wa lolote.

Lakini lilitumika kwa Thor. Mkristo ana haki ya kulitumia?

Ninaulizwa hili kwa uchungu wa kweli, kwa hiyo nalijibu kwa uzito. *Theos* lilitumika kwa Zeus kabla Mtume Paulo hajalitumia. *Deus* lilitumika kwa miungu ya Roma. "Elohim" la Kiebrania lenyewe hutumika kwenye Agano la Kale kwa Mungu wa Israeli na kwa miungu ya mataifa. Anayelikataa *Gud* kwa hoja hii itambidi ayakatae maneno yaliyomo ndani ya Biblia yenyewe. Waskandinavia wa karne ya 11 walijua vizuri sana neno lilitumikaje jana yake, na bado walilichonga kwenye mawe ya kumbukumbu ya wazazi wao pamoja na msalaba.

*Goði* ni nani?

Ni mtu wa *goð*: mwenye cheo cha ibada, na huko Aislandi pia kiongozi wa kisiasa. Bunge la Aislandi, Alþingi, lilipoanzishwa mwaka 930, wenye nguvu humo walikuwa *goðar*. Ilipofika takriban mwaka 1000 na watu wakagawanyika kati ya dini mbili, uamuzi aliachiwa Þorgeir, aliyekuwa *goði* na bado si Mkristo. Alijilaza chini ya vazi lake akafikiri, kisha akatangaza kwamba wote wawe na sheria moja na wabatizwe. Mwenye cheo kilichobeba jina la miungu ya kale ndiye aliyefungua mlango.

Denmaki nako cheo hicho kipo kwenye mawe ya runi ya kisiwa cha Fyn, kama lile la Glavendrup. Na hakijafa: chama cha dini ya kale cha Aislandi, kilichotambuliwa na serikali mwaka 1973, humwita kiongozi wake *allsherjargoði*.

Na majina ya watu na mahali?

Yamejaa. Gudrun, Gudmund, Gudbrand, na kwa Kiaislandi Guðrún, Guðmundur, Guðbjörg. Mengi ni ya kabla ya Ukristo, lakini hakuna aliyeona haja ya kuyabadilisha. Askofu aliyechapisha Biblia nzima ya kwanza ya Kiaislandi, pale Hólar mwaka 1584, aliitwa Guðbrandur Þorláksson, na kitabu hicho huitwa *Guðbrandsbiblía*. *Brandur* ni upanga.

Kwa mahali, kuna Gudme huko Fyn, "makao ya miungu", ambako waakiolojia wamefukua dhahabu nyingi na jumba kubwa la kale, na Gudenå, mto mrefu kuliko yote Denmaki. Aislandi ina maporomoko ya Goðafoss.

Kifini je?

Kifini si lugha ya jamii hii. Mungu ni *Jumala*, na halina uhusiano na *Gud*.

Waislamu wa huko hulitumia?

Wakizungumza lugha ya nchi, wengine husema *Gud*, wengine *Allah*. Ni hali ileile ya Mswahili anayesema "Mwenyezi Mungu" na "Allah" katika mazungumzo yaleyale.

Wengi hawaendi kanisani siku hizi. Neno bado liko hai?

Kanisa la Uswidi liliachana na dola mwaka 2000, na Norwei ilibadili katiba yake kuhusu jambo hilo mwaka 2012. Ulimi haukuachana na chochote. *Herregud*, "Bwana Mungu", hutoka kinywani mwa asiyeamini kitu, *gudskelov*, "Mungu asifiwe", husemwa na mtu aliyepata funguo zake, na *Gud vet* ni "Mungu ndiye ajuaye". Malkia Margrethe II wa Denmaki alikuwa akifunga hotuba yake ya mwaka mpya kwa *Gud bevare Danmark*, "Mungu ailinde Denmaki".

Hayo yanabeba kitu cha kale kuliko wasemaji wanavyojua. *Bevare* hapo ni kitenzi cha dua, kama "-e" yetu ya "amsaidie". Umbo hilo limekwisha katika mazungumzo ya kawaida ya Skandinavia na limesalia kwenye misemo michache kama hii. Mfalme Harald V wa Norwei alipokula kiapo mwaka 1991 alimaliza kwa dua inayoanza *så sant hjelpe meg Gud*, "Mungu anisaidie", na *hjelpe* yake ni ileile *hialbi* ya Jarlabanke.

Nataka kumwandikia rafiki "Mungu akubariki".

Kiswidi: *Gud välsigne dig*. Kidenmaki: *Gud velsigne dig*. Kinorwei: *Gud velsigne deg*. Kiaislandi: *Guð blessi þig*. Ili upate *ð* na *þ* kwenye simu, ongeza kibodi ya Kiaislandi kwenye mipangilio ya lugha. Herufi zote mbili zimo.